Seva ya Barua Pepe Inapougua: Kuchunguza na Kukarabati Kanzidata



Katika somo letu la tafsiri ya maandishi ya kiufundi huwa tunawapa wanafunzi wa mwaka wa 3 ukurasa mmoja wa maelekezo ya fundi wa seva ya barua pepe ili wautafsiri kwa Kiswahili. Tumeona kwamba istilahi zenyewe haziwasumbui sana. Seva wanaiita seva. Kanzidata wanaiita kanzidata, na waliosomea Kenya wanapenda hifadhidata, nasi hatuwagombezi. Kompyuta ikiitwa tarakilishi mambo huenda vilevile. Linalowaangusha ni jambo ambalo hawalitazamii: katika ukurasa ule mna kazi tatu zilizo tofauti kabisa, na wao huziita zote "kutengeneza". Katika chumba cha mtihani hilo ni kosa la alama mbili. Kwa fundi anayefuata maelekezo hayo usiku, seva ikiwa imelala na mkuu wa idara anapiga simu kila baada ya dakika kumi, ni kosa linaloweza kufuta barua za watu wote.

Kwa hiyo tumeonelea vyema tueleze katika toleo hili namna kanzidata ya barua pepe inavyoharibika, namna mafundi wanavyoichunguza, na kazi hizo tatu zinatofautianaje. Hatuandiki kwa ajili ya mafundi, maana wao wana vitabu vyao. Tunawaandikia walimu na wanafunzi wa lugha ambao rasimu zao za mitihani, sura za tasnifu na barua kutoka kwa watahini wa nje zimo ndani ya kanzidata hiyo, wajue au wasijue. Mfano wetu utakuwa Exchange, programu ya kampuni ya Microsoft, kwa kuwa imetumika sana katika ofisi na vyuo, na kwa kuwa zana yake kuu ya uchunguzi, iitwayo Eseutil, imekuwapo tangu toleo la 5.5 la mwaka 1997 na bado ipo hadi leo.

Daftari kubwa na daftari dogo

Mtu anayefungua barua pepe zake huona makasha: zilizoingia, zilizotumwa, zilizofutwa. Hudhani kwamba kule kwenye seva nako kuna chumba chake chenye makasha yake. Sivyo. Barua za watu wote waliowekwa pamoja, wawe 20 au 500, zimo katika faili moja kubwa sana ambalo jina lake huishia na herufi edb. Faili hilo limegawanywa katika kurasa ndogondogo zenye ukubwa sawa. Katika toleo la 2003 kila ukurasa ulikuwa wa kilobaiti 4, toleo la 2007 likaufanya kilobaiti 8, na tangu toleo la 2010 ni kilobaiti 32. Barua moja yenye kiambatisho inaweza kutawanyika katika kurasa nyingi, na kurasa nyingine hazina barua yoyote bali ni faharasa tu, yaani zinasema kitu fulani kinapatikana wapi. Ndiyo maana ukurasa mmoja ukiharibika madhara yake hayatabiriki. Ukiwa ni kipande cha kiambatisho cha mtu mmoja, ni mtu mmoja atakayelalamika. Ukiwa ni wa faharasa, kanzidata nzima inaweza kukataa kufunguka.

Tuchukue mfano ulio karibu na kazi yetu. Mwalimu anasahihisha insha. Kila anapomaliza moja anaandika alama katika daftari dogo alilonalo mkononi, kwa kufuata mpangilio wa insha zinavyokuja. Baadaye, akipata nafasi, anahamishia alama hizo katika daftari kubwa la idara, ambalo limepangwa kwa majina. Katika daftari dogo anatia alama ya vema pale alipofikia kuhamisha. Siku akiitwa ghafla na kuacha daftari kubwa wazi mezani, likiwa limejazwa nusu, hakuna hasara. Akirudi anatazama alama ya vema, anaanzia hapo, anahamisha yaliyobaki.

Seva ya Exchange inafanya kazi vivyo hivyo. Barua inapoingia haiandikwi moja kwa moja katika faili kubwa. Inaandikwa kwanza katika faili za kumbukumbu, ambazo ni daftari dogo, kisha huhamishwa polepole. Faili hizo za kumbukumbu zilikuwa za megabaiti 5 kila moja hadi toleo la 2003, na tangu 2007 ni za megabaiti 1. Moja ikijaa hupewa namba na mpya ikafunguliwa. Kuna na kifaili kidogo sana kinachotunza ile alama ya vema.

Tunalisisitiza hili kwa sababu ndilo chanzo cha balaa nyingi. Faili za kumbukumbu huongezeka kila siku. Hupunguzwa na programu ya kutengenezea nakala rudufu, pale nakala kamili inapokamilika salama. Kama nakala hazitengenezwi, faili hizo hujaa hadi diski inakosa nafasi na seva inasimama. Hapo ndipo mtu mwenye haraka huona maelfu ya mafaili yenye majina yasiyoeleweka, akaamini ni takataka, akayafuta. Amechana daftari dogo la mwalimu, naye hajui kama alama zote zilikwisha kuhamishwa.

Jumla ya chini ya ukurasa

Mwalimu mwangalifu hujumlisha alama za kila ukurasa wa daftari kubwa na kuandika jumla chini. Akifungua ukurasa huo mwezi ujao anajumlisha tena. Jumla zikitofautiana, kuna kitu kimebadilika ambacho hakukibadilisha yeye: maji yamemwagika, panya amekula, au kuna mkono wa mtu.

Kanzidata nayo huandika katika kila ukurasa namba tunayoiita jumla hakiki. Inaikokotoa wakati wa kuandika ukurasa kwenye diski na kuikokotoa upya kila inapousoma. Zikitofautiana, Exchange hutoa kosa ambalo mafundi wake wanalijua kama walimu wanavyolijua kosa la upatanisho wa kisarufi: namba -1018. Maana yake ni kwamba ukurasa uliosomwa si ule ulioandikwa. Mara nyingi sana mkosaji si Exchange. Ni diski inayokufa, kadi inayodhibiti diski, au programu inayoiendesha kadi hiyo. Kwa hiyo fundi anayekutana na -1018 anapaswa kuishuku mashine kabla ya kuushuku ukurasa, kwani akiitibu kanzidata na kuirudisha juu ya diski ileile mbovu atakuwa anateka maji kwa pakacha.

Kuanzia nyongeza ya kwanza ya toleo la 2003, programu hii iliweza kusahihisha yenyewe kosa la biti moja katika ukurasa na kuendelea na kazi. Ni hatua njema, ila isimlaze mtu usingizi. Biti moja iliyogeuka leo ni dalili ya diski itakayogeuza nyingi kesho, na seva huliandika tukio hilo katika daftari lake la matukio ili lisomwe.

Kuna ndugu yake, kosa -1019, ambalo sisi tunaliona baya zaidi. Hapa faharasa inasema nenda ukurasa fulani utakuta kitu, na ukienda unakuta ukurasa mweupe. Ukurasa mweupe hauna jumla ya kuhakiki, kwa hiyo unaweza kukaa kimya miezi mingi, hata nakala rudufu zikapita juu yake bila kugutuka, hadi siku mtu atakapoitaka barua iliyokuwamo.

Makosa ya aina hizi mbili huitwa uharibifu wa kimaumbile: karatasi yenyewe imeharibika. Upo pia uharibifu wa kimantiki. Jumla zote ziko sawa, wino haujafutika, lakini faharasa inamtaja mwanafunzi asiyekuwapo darasani, au ukurasa wa 40 unasema "endelea ukurasa wa 41" na huo wa 41 ni wa somo lingine. Kwa sisi wa isimu hii si ngeni: sentensi inaweza kuwa sahihi kisarufi kila kiungo mahali pake, na bado isiwe na maana. Zana inayokagua jumla haitauona uharibifu huo. Unahitaji ukaguzi wa pili.

Umeme ukikatika

Tuondoe hofu moja iliyoenea. Katika nchi zetu lawama ya kwanza huangukia umeme, na ni kweli kwamba umeme ukikatika ghafla seva hukosa nafasi ya kufunga daftari vizuri. Fundi akikagua kichwa cha faili kubwa atakuta pameandikwa hali ya "Dirty Shutdown", yaani limefungwa kichafu. Wengi wakiona neno hilo husema kanzidata imeharibika. La hasha. Kufungwa kichafu kunamaanisha tu kwamba kuna alama ambazo hazijahamishwa kutoka daftari dogo. Seva ikiwaka tena, kwa kawaida itahamisha yenyewe na kufunguka, na watumiaji hawatajua kilichotokea.

Umeme unadhuru kwa njia nyingine. Kadi nyingi za kudhibiti diski zina kumbukumbu yao ya muda: huiambia seva "nimekwisha kuandika" kabla hazijaandika, ili kazi iende haraka. Kama kadi ina betri yake, umeme ukikatika huyahifadhi yale iliyoyashika na kuyaandika baadaye. Betri ikifa, na betri hufa, ile ahadi inakuwa uongo. Seva imetia alama ya vema mahali ambapo pameachwa wazi. UPS nzuri chini ya meza haitoshi kama betri ya ndani ya kadi haijaangaliwa tangu mashine inunuliwe.

Mkosaji mwingine ni programu ya kukinga virusi. Barua yenye kirusi ikiingia, huandikwa katika faili la kumbukumbu kama barua nyingine. Programu ya kinga inayokagua kila faili kwenye diski hukiona kirusi, na kwa kutimiza wajibu wake hulikamata faili zima la kumbukumbu na kulitia kifungoni. Kanzidata inapoteza daftari dogo katikati ya kazi. Dawa yake ni rahisi, nayo ni kuiagiza programu hiyo isiguse makabrasha ya Exchange, na barua zikaguliwe na programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Uchunguzi una utaratibu wake

Daktari mwema hamchomi mtu sindano kabla ya kumpima. Katika taaluma hii hatua ya kwanza ndiyo inayorukwa zaidi: kunakili kila kitu. Kabla ya kugusa chochote, faili kubwa, faili zote za kumbukumbu na kile kifaili cha alama ya vema vinakiliwe mahali pengine, hata kama vinaonekana vibovu. Ndiyo, inachukua saa nyingi, na simu zinaendelea kulia. Lakini hatua zinazofuata zinabadilisha mafaili, na baadhi hazina njia ya kurudi.

Kisha husomwa daftari la matukio la seva, si la leo tu bali la wiki zilizopita. Tukio namba 474, kwa mfano, ndilo linaloripoti kwamba jumla hakiki hazikulingana, na hutaja faili na mahali penyewe ndani ya faili. Ukilikuta lilianza siku kumi zilizopita, umejifunza jambo kubwa: nakala rudufu ya wiki iliyopita haitoi matumaini uliyodhani, ila ya wiki mbili zilizopita inaweza.

Hapa pana kipengele cha muundo wa Exchange ambacho tunakipenda. Hadi toleo la 2007, ilipotengeneza nakala rudufu ikiwa kazini, ilisoma kila ukurasa na kuhakiki jumla yake. Ilipokutana na ukurasa mbovu ilisimama na kukataa kuendelea. Wasimamizi wengi walikasirika: nakala imegoma tena! Lakini iligoma kwa makusudi, ili nakala mbovu isije ikachukua nafasi ya nakala nzima. Nakala inayogoma usiku tatu mfululizo ni taarifa ya ugonjwa iliyoletwa mapema, kanzidata ikiwa bado inafunguka na barua zikiwa bado zinaweza kuhamishwa. Katika taasisi moja tuliyoifahamu miaka ya 2000, taarifa hizo ziliingia kwenye kasha la mtumishi aliyekuwa amehama kituo. Hakuna aliyezisoma hadi kanzidata ilipofungwa.

Baada ya hapo fundi hutumia Eseutil. Kwa amri ya mh anasoma kichwa cha faili kubwa: lilifungwa safi au kichafu, na kama ni kichafu, linadai faili zipi za kumbukumbu. Mstari huo wa madai ni wa thamani kuliko yote. Ukisema zinahitajika namba fulani hadi namba fulani, fundi anakwenda kuzitafuta moja moja. Kwa amri ya ml anazikagua kama ni nzima. Kwa amri ya k anazihakiki jumla za kurasa zote. Amri hizi hazibadilishi chochote. Zinasoma tu, kama kipimajoto.

Kazi tatu ambazo si moja

Sasa tumefika pale wanafunzi wetu wanapojikwaa.

Kazi ya kwanza ni kuchukua daftari dogo na kuhamishia daftari kubwa yale yaliyobaki. Eseutil huifanya kwa amri ya r. Haipotezi kitu, mradi faili za kumbukumbu zinazodaiwa zipo zote na ni nzima. Sisi tunaiita kufufua. Kanzidata ilizimia, ikainuka na kila kilicho chake.

Kazi ya pili ni kuleta nakala rudufu ya zamani na kuiweka mahali pa ile mbovu, kisha kuichezeshea faili zote za kumbukumbu zilizoandikwa tangu nakala ile ilipotengenezwa. Hii tunaiita kurejesha. Kama nakala ni ya Jumapili na faili za kumbukumbu kuanzia Jumapili hadi Alhamisi zimesalimika, barua zitarudi hadi zile za Alhamisi dakika ya mwisho. Watu wengi hudhani nakala ya Jumapili hurudisha Jumapili tu. Hayo ndiyo malipo ya kutunza daftari dogo, na ndiyo sababu wataalamu hushauri likae kwenye diski tofauti na daftari kubwa. Upo mpangilio mmoja unaoandika faili mpya za kumbukumbu juu ya zile za zamani ili kuokoa nafasi. Anayeuchagua amekubali, ajue au asijue, kwamba siku ya msiba atarudi Jumapili na kubaki huko.

Kazi ya tatu hufanywa kwa amri ya p, na hapa tunamwomba msomaji apunguze mwendo. Kiingereza cha maelekezo kinaiita kwa neno ambalo kamusi zote hulifasiri "kukarabati" au "kutengeneza". Kwa Kiswahili nyumba iliyokarabatiwa ni nyumba iliyorudi katika hali yake, pengine bora zaidi. Amri ya p haifanyi hivyo. Inapitia daftari kubwa ukurasa kwa ukurasa. Ukurasa usiosomeka inaung'oa na kuutupa. Faharasa inayoelekeza kwenye ukurasa uliotupwa inaikata. Mwisho inashona kilichobaki ili kitabu kiweze kufungwa na kufunguliwa. Haitafuti barua zilizopotea, wala haina pa kuzitafuta. Lengo lake ni kitabu kinachofunguka, hata kama kina kurasa chache kuliko jana, na haitoi orodha ya majina ya waliopoteza.

Kosa linalofanyika mara nyingi ni kuikimbilia amri hii kwanza, kwa kuwa jina lake linatia moyo. Tumeeleza kwamba kanzidata iliyofungwa kichafu inahitaji kufufuliwa tu. Aliyeona neno "Dirty", akapiga amri ya p, atafanikiwa kuifungua, na barua zote zilizokuwa katika faili za kumbukumbu zikisubiri kuhamishwa zitakuwa zimeachwa nje. Tena hawezi kubadili nia: kanzidata iliyopitishwa kwenye amri hiyo haipokei tena faili za kumbukumbu za zamani. Mlango umefungwa nyuma yake. Kama alinakili kila kitu mwanzoni, ana pa kurudia. Kama hakunakili, basi.

Hatusemi amri ya p isitumike kamwe. Nakala rudufu zikiwa hazipo, au zote zikiwa na ugonjwa uleule, ndiyo iliyobaki, kama mguu wenye kidonda ndugu unavyokatwa ili mtu aishi. Ila ikitumika ina masharti. Pawepo nafasi ya kutosha kwenye diski. Baada yake hufuata amri ya d, inayoandika kanzidata upya katika faili jipya na kuhitaji nafasi ya takribani asilimia 110 ya ukubwa wa faili la awali. Kisha ukaguzi wa kimantiki: hadi toleo la 2007 ulifanywa na zana iitwayo Isinteg, ambayo huendeshwa tena na tena hadi iripoti kwamba haijapata cha kusahihisha. Tangu nyongeza ya kwanza ya toleo la 2010 kazi hiyo hufanywa na amri ya kukarabati makasha, kanzidata ikiwa wazi. Muda wote huu kwa kanzidata kubwa si wa saa moja au mbili. Inaweza kuwa siku nzima na usiku wake.

Na hata ikifunguka haijapona. Katika kichwa cha faili hubaki hesabu ya mara ngapi imepitishwa kwenye amri ya p. Tangu mwaka 2015 Microsoft inataka kanzidata yenye hesabu inayozidi sifuri isiendelee kutumika: makasha yahamishiwe katika kanzidata mpya na ile ya zamani iachwe.

Watumiaji wafanye nini wakati wanasubiri

Idara haiwezi kukaa siku mbili bila barua pepe, hasa wakati wa mitihani. Mafundi wazoefu huiweka pembeni kanzidata mgonjwa na kufungua nyingine tupu mahali pake. Watu wanaweza kutuma na kupokea barua mpya papo hapo, makasha yao yakiwa matupu, huku ya zamani ikitibiwa. Ikipona, barua za zamani huunganishwa na mpya. Mbinu hii inafanana na simu iliyounganishwa tu hadi ikatoa mlio: huna kumbukumbu za nani alikupigia, lakini unaweza kupiga.

Hapa ndipo walimu huharibu pasipo kukusudia. Anayetumia programu ya Outlook katika kompyuta ya ofisi, tangu toleo lake la 2003, mara nyingi ana nakala ya barua zake zote katika kompyuta hiyohiyo. Siku ya msiba nakala hiyo inaweza kuwa ndiyo iliyo kamili kuliko zote chuoni. Akikuta kasha tupu, mwalimu hufadhaika, akaifuta akaunti na kuiweka upya, au akamwita kijana wa karibu amfanyie hivyo. Nakala imekwenda. Ombi letu ni kwamba ukiona kasha tupu au ujumbe kuhusu hali ya ufufuaji, usifute, usisanidi upya, chagua kufanya kazi nje ya mtandao na umuulize fundi.

Jambo la pili ni tasnifu. Wasimamizi wengi tunatumia kasha la barua kama kabati: sura ya tatu iliyosahihishwa ipo katika barua ya mwezi Machi, basi. Kasha la barua lisiwe mahali pekee ilipo kazi ya mwanafunzi ya miaka miwili.

Yaliyobadilika, na yaliyosalia

Tangu toleo la 2010 kanzidata moja inaweza kuwa na nakala hai hadi 16 katika seva mbalimbali. Ukurasa ukiharibika katika moja, seva huuomba ukurasa uleule kutoka kwa jirani na kuuweka mahali pake bila fundi kuamka. Vyuo vingi vimekwisha kuhamishia barua zao kwa Google au kwa Microsoft wenyewe, wala havina seva ya barua katika chumba chenye kiyoyozi. Toleo la 2003 liliacha kuhudumiwa mwaka 2014, na yale ya 2016 na 2019 mnamo tarehe 14 Oktoba 2025. Tangu Julai 2025 lipo toleo la kulipia kwa msimu kwa wanaopenda kubaki na seva zao.

Hata hivyo daftari dogo na daftari kubwa hayajaondoka. Kanzidata ya matokeo ya mitihani, ya maktaba, ya masomo ya mtandaoni, zote zina faili za kumbukumbu, zina alama ya vema, na nyingi zina zana yenye jina la kutia moyo inayotupa isichoweza kukisoma. Mwanafunzi wetu atakayeajiriwa kutafsiri maelekezo yake atakutana na maneno yaleyale.

Kwa sasa darasani tunatumia kufufua kwa kazi ya kwanza na kurejesha kwa ya pili. Kwa ya tatu tumeruhusu kukarabati libaki, kwa kuwa limekwisha kuenea, ila mwanafunzi ni lazima aongeze "kwa kupoteza" mara ya kwanza linapotokea. Wapo waliopendekeza kukata, na hoja yao ina nguvu, lakini fundi akisoma "kata kanzidata" anaweza kuelewa kuikata umeme. Ile hesabu iliyo katika kichwa cha faili bado haijapata jina tunalokubaliana. Mwaka jana mwanafunzi mmoja aliandika "idadi ya makovu", na tulimpa alama zote mbili.